Neno Hoja na Karatasi ya Anti Cherotich

Kamusi ile bado inanuka dawa ya kuchua misuli. Niliifungua wiki mbili zilizopita, nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa ndani ya sanduku la bati, na harufu ikanipanda puani kabla sijaona hata herufi moja. Kafuri, mafuta ya mkaratusi, na kwa mbali moshi wa kuni za jikoni kwa nyanya yangu. Nikakaa chini sakafuni na cheti nikakisahau.

Ni kamusi ndogo ya kuingia mfukoni, Kihispania upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia. Jalada lilikwisha kung'oka likashonwa kwa uzi wa gunia. Kwenye ukurasa wa herufi H kuna doa la kidole, rangi ya kahawia. Kidole hicho ni changu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimetoka kuchuma chai, na utomvu wa chai, kama hukulelewa nao, nikwambie tu kwamba hautoki kwa sabuni mpaka uamue wenyewe.

Tuliishi kwenye mteremko ulio juu ya Silibwet, kwenye ekari moja na nusu ya chai na ng'ombe wawili. Tulikuwa Baba, Mama, mimi, nyanya yetu tuliyemwita Kogo kama Wakipsigis wote wanavyomwita nyanya, na Anti Cherotich. Anti alikuwa kitinda mimba wa Kogo, dada mdogo wa Baba. Cherotich ni jina la msichana aliyezaliwa jioni ng'ombe wakirudi boma, na Kogo alipenda kusema kwamba huyu wake alizaliwa akiwafukuza hao ng'ombe na hajawahi kusimama tangu siku hiyo.

Alikuwa mkimbiaji. Aliamka ardhi ikiwa bado na umande mzito, akakimbia barabara ya murram mpaka ng'ambo ya mto na kurudi, kisha akajitwika kikapu mgongoni akachuma chai hadi saa sita. Jioni alikimbia tena. Mimi nilimwona kama mtu aliyeumbwa kwa udongo tofauti na wetu. Nilitembea kama yeye, nikafunga kitambaa kichwani kama yeye, na kwa muda fulani nilikuwa nikichechemea kidogo mguu wa kushoto kwa sababu yeye alikuwa ameteguka kifundo. Mama alinichapa kofi moja dogo, na kuchechemea kukapona.

Sasa, kabla sijafika kwenye karatasi, lazima nikueleze habari za meza ya kituo. Kila aliyekuwa na chai kwetu alibeba majani yake mpaka kituo cha kununulia, banda la mabati lenye meza ndefu. Pale humwagi majani kwenye mzani moja kwa moja. Unayamwaga kwanza mezani, mbele ya watu wote, karani anaingiza mkono chini ya rundo na kulipindua. Anatafuta majani magumu, mabua, yale yasiyo majani mawili na kichipukizi. Akikuta mabaya, unarudishwa ukayachambue huku majirani wakikutazama. Kwa hiyo kila mama alijifunza kulipindua rundo lake mwenyewe kabla karani hajafika. Kogo alikuwa na neno lake kuhusu jambo hilo, na alilisema mara nyingi mpaka sisi watoto tukawa tunalimalizia: "Huko juu kila mtu anapanga vizuri."

Anti alikulia kwenye meza ile. Hakuna kitu alichokipokea bila kukipindua. Sukari ya dukani aliigeuza, kitambaa alikitazama upande wa ndani, na hata chapati alikuwa akiiinua kidogo kwanza. Tulimcheka sana kwa hilo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo, shule zimefungwa na baridi imetukalia mabegani, akaja ajenti. Alikuwa akitafuta wasichana wa kwenda kukimbia mbio za barabarani Uhispania, mwanamume mpole mwenye viatu vyeupe ambavyo matope yetu yaliviharibu siku ya kwanza tu. Alitazama mazoezi kwa wiki moja akachagua wawili, Anti Cherotich na rafiki yake Kemunto. Kemunto alikuwa binti wa fundi baiskeli wa Chepilat. Watu wake walihamia upande wetu kutoka Kisii kabla hajazaliwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupasi vizuri, alisoma gazeti la Kiingereza kwa sauti kama mtangazaji, na wiki za mazoezi alilala kwetu na kunisuka nywele. Nilimpenda, ingawa alivuta nywele kama anayeng'oa magugu.

Jumatatu waliitwa kwenye hoteli moja mjini Bomet kutia sahihi. Anti alinichukua nikamshikie koti. Nilikunywa soda nzima peke yangu, ndiyo maana nakumbuka kila kitu.

Ajenti aliwapa karatasi moja moja. Mbele ilikuwa imeandikwa kwa safu mbili, Kihispania na Kiingereza. Kemunto aliisoma kuanzia juu hadi chini, akatueleza: nyumba watapewa, chakula watapewa, tiketi ya ndege, kocha, daktari. Kila kitu kilikuwa kizuri. Akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, akamrudishia ajenti, na ajenti akaitia kwenye faili.

Anti alishika ya kwake kwa mikono miwili. Hakuitazama sana. Aliingiza kiganja chini yake, kama karani anavyofanya, akaipindua.

Mgongo wa karatasi ulijaa maandishi madogo kuliko mchele, na yote yalikuwa ya Kihispania. Hakukuwa na safu ya Kiingereza. Anti alimuuliza ajenti yanasema nini. Akajibu kwamba ni mambo ya kawaida tu, kila mkimbiaji huyakubali, na kwamba hata yeye mwenyewe Kihispania cha kusoma hana. Nafikiri alikuwa akisema kweli. Anti akamwambia kwa adabu kwamba ataenda nayo nyumbani kumwonyesha mama yake, maana kwetu mtu hasafiri mbali bila mama kuona kinachompeleka. Ajenti alicheka, lakini hakuweza kukataa jambo kama hilo mbele ya watu wa Bomet.

"Alhamisi saa nane," akasema. "Ijumaa gari inatoka. Usipokuja, Madam, wasichana ni wengi."

Nyumbani kulikuwa na vita. Baba alikuwa tayari amewaambia majirani wote. Alisema mchagua jembe si mkulima. Alisema pia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, methali mbaya sana kumwambia mkimbiaji, na Mama akamtazama mpaka akanyamaza. Kogo, ambaye kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za Aprili, aliomba apewe karatasi. Hakujua kusoma hata kidogo. Aliigeuza mbele na nyuma, akasema tu kwamba anachotaka kujua ni kama Cherotich ataweza kurudi akiitwa. Kisha akairudisha, akaendelea kuosha kibuyu cha maziwa.

Hilo ndilo lililokuwa linapimwa siku zile, na hata mimi mtoto nililijua. Anti alikuwa na miaka ishirini na mmoja na miguu ambayo haingengoja. Alitaka kwenda kuliko kitu chochote. Lakini alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku atakapoitwa atakuja, na hakuwa radhi kuondoka bila kujua kama ahadi hiyo ingali yake.

Jumanne asubuhi, kabla jua halijachomoza, aliondoka kwa mbio kwenda Ndanai. Huko aliishi mwanamke aliyewahi kukimbia Uhispania mpaka goti lilipomkatalia, na ilisemekana alirudi na kamusi. Ni mbali, nyinyi mnaojua njia hiyo mnajua. Alirudi jioni juu ya lori la maziwa, kamusi imefungwa kwenye leso kiunoni, na somo moja la matamshi ambalo yule mwanamke alimpa mlangoni: herufi H hawaitamki, na J inatoka kooni kama mtu anayetaka kukohoa kanisani lakini anaona haya.

Jumatano ilinyesha kuanzia asubuhi. Hakuna aliyekwenda kuchuma ila mimi na Mama kwa saa moja hivi, tukafukuzwa na mvua ya mawe. Nilipoingia jikoni nimelowa, Anti alikuwa amekaa karibu na moto akijichua mashavu ya miguu. Aliniita.

"Kuja hapa na hiyo Kiingereza yako ya class five. Mikono yangu iko na dawa, nitachafua karatasi. Wewe shika, wewe soma, mimi nione kama hiyo shule inakufunza kitu."

Nilifurahi kupita kiasi. Anti Cherotich alikuwa ananipima. Nilikaa juu ya kigoda, karatasi kwenye goti moja na kamusi kwenye goti lingine, na kazi ikaanza. Nilitamka neno herufi kwa herufi, nikalitafuta, nikasoma Kiingereza chake, nikakieleza kwa lugha yetu. Anti alifumba macho akisikiliza. Kila sentensi ilipokamilika aliniambia nirudie tangu mwanzo. Nilidhani anataka kujua kama nitababaika.

Mstari wa kwanza kabisa ulianza na esta hoja. Esta nililipata upesi, ni hii au hili. La pili nilimwambia sihitaji kutafuta. Hoja tumelisoma darasani, nikasema, ni Kiswahili, mwalimu hutuambia tutoe hoja, pengine Wahispania wameliomba. Kogo aliyekuwa akipepeta mahindi akauliza wameliomba lini na kama watalirudisha. Anti akaniambia nitafute tu. Nikatafuta, na hapo ndipo nilipoacha doa la kidole. Jibu lilikuwa jani.

"Jani hili ni sehemu ya mkataba," nikasoma.

Tulitazamana. Sisi tulikuwa watu wa majani. Tulilala tukiyasikia yakipigwa na mvua, na nguo zetu zote zilikuwa na harufu yake. Kogo alisema labda huko wanalipa kwa chai, na kama ni hivyo Cherotich abaki, chai ipo hapa. Nikaendelea kusoma mistari iliyo chini ya neno lile, na hapo nikachanganyikiwa kabisa, maana kulikuwa na namba. Moja, jani. Mbili, karatasi. Tatu, makali ya kisu, kitu kama wembe. Nilimwambia Anti kwamba kamusi imeharibika, imeweka maneno matatu mahali pa moja.

Alifungua macho. Ninakumbuka alichosema kwa sababu tangu siku hiyo sijawahi kufundisha msamiati kwa njia nyingine.

"Huyu Kogo, mimi namwita mama. Wewe unamwita kogo. Mama yako anamwita mama mkwe. Ni watu watatu?"

Nikasema ni mmoja.

"Sasa ukisikia mtu ameita mama huko nje, utajuaje ni nani anatafutwa? Angalia ni nani anaita. Hapo ni nani ameita hilo neno, ni shamba ama ni karatasi?"

Ni karatasi, nikasema, karatasi inajiita yenyewe. Karatasi hii ni sehemu ya mkataba. Basi neno likatulia mahali pake, na nikahisi kitu ambacho sijui kukieleza vizuri hata leo, kama kiungo kilichokuwa kimeteguka kinaporudi. Nilitaka kulisema kwa kila mtu. Siku nzima nilimwonyesha Mama kitu na kumwambia oha, oha, nikikohoa ile J kwa nguvu, mpaka akaniuliza kama nimepata homa. Kogo yeye alifurahishwa na ile maana ya wembe. Alitandaza vidole vyake vilivyokatwakatwa na miaka arobaini ya kuchuma, akasema aliyetunga hilo neno ni lazima alichuma chai.

Tuliendelea mpaka giza lilipoanza kuingia, na Alhamisi asubuhi tukaanza tena. Vipengele vingi vilikuwa vya kuchosha, mambo ya sare na ratiba na matangazo kwenye fulana. Kipengele cha sita ndicho kilichokuwa na neno guardar, kampuni itaiguardar pasipoti ya mwanariadha. Nikatafuta. Namba moja ilikuwa kulinda. Niliona jambo zuri sana hilo, nikamwona mlinzi mwenye rungu na koti refu amesimama mbele ya pasipoti ya Anti usiku kucha asiibiwe.

Anti hakulipenda. Aliniuliza namba zingine. Kuweka. Kuhifadhi. Kubaki na kitu. Akauliza mstari unaofuata unasema nini, nao ulisema kwa muda wa miaka miwili, na cha saba kilisema kwamba mwanariadha hataondoka nchini humo kabla ya muda huo kwisha ila kwa idhini ya kampuni, kwa sababu yoyote ile.

"Rudia hiyo ya mwisho."

Nikarudia. Kwa sababu yoyote ile.

Kogo alikuwa ameacha kupepeta. Kisha Anti akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba kitu chako kikilindwa ili wewe usikishike, hicho si chako tena. Akainuka, akanawa mikono, akavaa viatu. Kabla hatujatoka alisimama katikati ya jiko na kuusema mgongo wote wa ile karatasi, kipengele cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa Kihispania, bila kuutazama. Mimi niliyekuwa nimeushika siku mbili nisingeweza kusema hata nusu. Niliwaza tu kwamba huyu Anti yangu ana akili za ajabu.

Hotelini ajenti alikuwa amekaa na Kemunto, mabegi tayari. Anti hakukaa. Alimwamkia, akaiweka karatasi mezani na mgongo ukiwa juu, akasema anaomba cha sita na cha saba vikatwe, kwake na kwa Kemunto. Alivitaja kwa Kihispania kimoja baada ya kingine. Ajenti alimtazama kama aliyesikia ng'ombe akiimba.

"Nani amekusomea hii?"

Anti aliniwekea mkono begani. "Tumesoma na huyu."

Nilikua inchi mbili pale pale. Ajenti alisema haiwezekani, hakuna aliyewahi kuomba hivyo, na Anti akajibu kwamba kama haiwezekani basi anamtakia safari njema. Naomba uamini kwamba hakuwa anacheza. Alikuwa tayari kurudi Silibwet akachume chai maisha yake yote.

Ajenti akatoka nje na simu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikata vipengele viwili kwa kalamu, akaandika jina lake pembeni. Anti alitia sahihi polepole, ulimi kati ya meno, kama mtoto anayechora nyumba, na nilifikiri sijaona sahihi nzuri kama ile. Kisha akauliza ya Kemunto. Ajenti akasema ile imeshakwenda Nairobi na iliyotiwa sahihi imetiwa sahihi. Kemunto aliinamisha kichwa akawa anafunga na kufungua zipu ya begi lake.

Mwaka wao wa pili huko Uhispania, baba yake Kemunto, yule fundi baiskeli, aliugua akafariki ndani ya wiki moja. Anti alikwenda kwenye ofisi za ile kampuni kumwombea ruhusa, akasema nao kwa Kihispania ambacho kilikuwa sasa chake kabisa, nao wakamwonyesha ile sahihi yenye mkia mrefu. Kwa hiyo Anti ndiye aliyepanda ndege. Alikuja Chepilat, akasimama na watoto wa marehemu, akamwaga mchanga kaburini kwa niaba ya Kemunto. Kemunto alisikiliza mazishi kwenye simu. Sisi wengine tulilia kwa ajili ya mzee, lakini Anti alilia kwa jambo lingine, nilimwona.

Mimi huku nyuma nilikuwa nimejenga jina. Shule nzima ilijua kwamba mimi, Chepkoech, ndiye niliyemsomea shangazi yangu mkataba wa Kihispania, na nilipokwenda sekondari nilibeba hadithi hiyo pamoja na godoro. Niliisimulia vibaya, kwa majivuno. Katika hadithi yangu mimi nilikuwa mwanafunzi hodari na Anti mwalimu mkali.

Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi likizo nikiwa nimeshindwa vibaya na Kemia. Tulikuwa tunachuma na Kogo, mistari miwili iliyopakana, na mimi nikilalamika kwamba nimesoma mpaka macho yanauma na haiingii, kwamba wengine wamezaliwa na akili kama Anti na wengine hawakuzaliwa nazo. Kogo aliendelea kuchuma. Vidole vyake havikupunguza mwendo. Akasema, kama anayetaja bei ya mahindi, kwamba Cherotich hajui kusoma.

Nilicheka. Kogo hakucheka. Akaniambia kwamba mwaka ambao Anti alikuwa darasa la pili, babu alikufa, na mtu mmoja katika watoto alihitajika kubaki kuchuma. Baba yangu alikuwa mvulana na alikuwa karibu kufanya mtihani. Cherotich alikuwa msichana, mdogo, na mwenye vidole vyepesi. Jina lake alijifunza kulichora baadaye, kwa ajili ya fomu za mbio. Kogo alisema hayo yote bila kusimama, kisha akaniambia kikapu changu kina mabua.

Nilisimama katikati ya chai na ile siku ikanirudia yote, kipande kwa kipande. Mikono yenye dawa. Macho yaliyofumbwa. Rudia tangu mwanzo. Hakuwa ananipima. Nilikuwa nimekaa juu ya kigoda nikidhani naonyesha ujuzi wangu, kumbe mbele yangu alikuwa mtu anayevuta mkataba mzima kutoka kinywani mwa mtoto, anaupanga kichwani, anaupindua, na kuuchambua jani baada ya jani. Kemunto aliyejua kusoma alitia sahihi kwa dakika kumi. Yule asiyejua ndiye aliyeisoma karatasi. Nilirudi shuleni nikaisoma Kemia, na sitakudanganya kwamba nilipata A, lakini sikulalamika tena.

Miaka ikapita. Anti alikimbia mpaka miguu ikachoka, akarudi Silibwet, akanunua ng'ombe wa maziwa na kujiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima. Siku hizi anasoma Biblia kwa kidole, polepole, na akikutana na neno gumu huligombeza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina wanafunzi arobaini na wawili na sauti iliyokauka. Muda wote huo hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Nilidhani alinificha kwa sababu ya aibu, na mtu haingizi mkono kwenye aibu ya mkubwa wake.

Lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikamkuta nyuma ya zizi akikata majani ya nepia kwa ajili ya ng'ombe. Nikamshikia mabua. Na ghafla nikamuuliza, bila kupanga, kwa nini hakuniambia siku ile kwamba hajui kusoma. Nilimwambia ningesoma kwa uangalifu zaidi kama ningejua.

Aliendelea kukata. Panga lake lilikwenda taratibu, tak, tak.

"Ndio maana," akasema. "Ungejua kila neno liko juu yako. Na kama ungekosea moja, nipotelee huko, ungebeba hiyo kitu mpaka uzeeke. Mtoto wa class five." Akasogeza mabua. "Lakini mwanafunzi akikosea, makosa ni ya mwalimu. Ndio nikakuwa mwalimu."

Kisha akaniambia nishike vizuri, nisikatwe vidole. Nilishika. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nimesimama kwenye samadi, na nilimpenda mtu yule zaidi ya neno lolote ninalolijua, kwa lugha yoyote, na yeye akaendelea kukata.